Jiwe Moja, Bei Saba

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitajieleza haraka, maana mambo yangu si ya kurudiarudia mbele za watu.

Jina langu Staf Geudens, dalali wa almasi hapa Antwerp, umri miaka sitini na mmoja. Kabla ya udalali nilikuwa mkata mawe kule Nijlen, kwenye karakana ya baba yangu nyuma ya banda la kuku. Jiwe zuri kuliko yote niliyowahi kukata, karati moja na nukta sifuri saba, nilimvisha mke wangu Lutgart kwenye pete. Naye akaahidi kumwachia binti yetu Veerle, na Veerle alilijua hilo tangu anajifunza kufunga kamba za viatu.

Lutgart alifariki Agosti, miaka mitatu iliyopita. Wiki tatu baada ya mazishi nikaliuza lile jiwe. Niliwasimulia hayo katika sehemu ya pili, mkaniandikia barua, na zote nimezisoma. Yule mama wa Turnhout aliyeniita fisi, namsalimu.

Veerle hakunisemesha tena. Miaka mitatu, hata salamu ya Krismasi hakuna.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, tuliachana pale simu yangu ilipolia, nikasikia sauti yake. Hakunisalimia. Alisema, "Nimelipata jiwe la Mama. Liko mtandaoni. Njoo uniambie bei yake ya kweli ni ipi, kwa sababu mimi naona saba."

Basi Jumapili nikafika kwao Mechelen, nimebeba mikate midogo ya moto kutoka kwa mwokaji, kama mtu anayekwenda kuposa.

Mlango alinifungulia mchumba wake, Jelle, kijana mrefu anayefundisha hesabu sekondari. Veerle alikuwa mezani na kompyuta. Hakuinuka.

"Kaa," aliniambia. "Angalia hapa."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na jiwe limekuzwa mpaka limekuwa kubwa kama sahani. Chini ya uso wake kulikuwa na kijidoa chenye umbo la koma. Kile kijidoa nakijua. Niliwahi kukihangaikia siku nne nikitafuta namna ya kukikata kitoke, kikanishinda.

Nikaiweka mikate mezani.

"Ni lenyewe?" Veerle aliuliza.

"Ni lenyewe."

"Miaka mitatu nalitafuta. Kila jioni nikitoka kazini nafungua maduka ya mtandaoni, natafuta karati moja nukta sifuri saba, naangalia picha moja moja. Jelle alidhani nina kichaa."

"Bado nadhani," Jelle alisema, akanimiminia kahawa.

Kisha akafungua jedwali lake. Walimu wa hesabu bwana, huwezi kuwaachia kitu bila wao kukichorea mistari.

"Namba ya cheti ni ile ile," alisema. "Uzito ule ule. Picha ile ile. Duka la Dublin linauza euro elfu tano mia tisa na tisini. Duka la Paris, elfu tisa na mia nne. Katikati wako watano, kila mtu na lake. Bwana Geudens, mimi hesabu hii inanikataa. Wana mawe saba yanayofanana?"

"Wana mawe sifuri," nikamwambia.

Hapo nilijisikia mtu tena. Miaka mitatu sijaulizwa kitu ninachokijua mbele ya binti yangu.

"Hao saba hakuna hata mmoja aliyeligusa," nikaendelea. "Jiwe liko hapa Antwerp, kwenye kabati la chuma la mtu mmoja. Yeye anatuma orodha yake kwa kompyuta, maduka yanaipokea, kila duka linapachika faida yake. Wa Paris analipia mtaa, zulia, boksi la mahameri, na ruhusa ya kurudisha mzigo ndani ya mwezi mmoja. Mwingine anakuonyesha bei bila kodi, halafu unakutana na kodi mwisho wa safari. Mwingine bei yake ni ya mwezi jana, kasahau kuibadilisha. Wa Dublin yeye hana duka. Ana kompyuta na paka."

"Paka umemjuaje?" Veerle aliuliza.

"Nimembuni."

Kidogo tu acheke. Niliona shavu likitikisika, haki ya Mungu nililiona.

"Sasa mwenye kabati ni nani?" Jelle akauliza.

"Huyu anapiga mawe yake picha juu ya karatasi ya bluu. Mtu wa hivyo Antwerp ni mmoja tu, Mahendra Kothari. Mnanunua kwa Dublin ya nini, na mimi namgongea mlango? Niachieni. Nitalileta kwa bei ya Kothari, niweke na kodi ya serikali, basi. Mimi sitaongeza hata senti."

"Uniapie," Veerle alisema.

"Naapa kwa mama ya..."

"Usimtaje Mama!"

"Basi naapa kwa jina langu."

"Jina lako lenyewe ndilo hilo," alisema. "Lakini haya. Baba, nisikilize vizuri. Harusi ni tarehe sita Septemba. Nataka kuingia na jiwe la Mama kidoleni. Nikilikosa mara ya pili kwa sababu yako, usije kanisani, usije ukumbini, na watoto wangu hutawajua."

Niliondoka pale natembea juu ya hewa. Alikuwa ameniita Baba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Kothari.

Kothari alizaliwa Palanpur, India, lakini ana miaka arobaini hapa, na lugha ya mitaa ya Antwerp anaijua kuliko mimi mtu wa mashambani, wa Kempen. Kwa dini yake kitunguu hali, kiazi hali, nyama hagusi, na bado ana kitambi. Alinipa chai ya tangawizi, akafungua kabati, akanifunulia karatasi iliyokunjiwa jiwe.

Nikalishika jiwe kwa kibano, nikaweka lenzi jichoni. Lo! Kila ukingo niliukumbuka. Upande mmoja kuna pembe ndogo niliyoikosea kwa sababu siku ile Lutgart aliingia karakanani kuniambia ana mimba. Jicho lilinijaa maji, ikabidi nijifanye natafuta mwanga dirishani.

Kothari alinisubiri kimya. Kisha akasema, "Staf, ndugu yangu. Huna kitu unachotaka kuniuliza kuhusu jiwe hili?"

"Bei," nikajibu.

Alinitazama kwa muda ambao haukunipendeza. "Haya. Elfu nne mia saba, bila kodi. Kwako wewe."

Ukiweka kodi, inakaribia elfu tano mia saba. Ilikuwa bei safi kabisa. Mtu mwenye akili timamu angempa mkono, akatamka mazal, neno letu la kufunga biashara ambalo likishatoka mdomoni hakuna wa kulirudisha, akachukua jiwe akampelekea mwanawe, hadithi hii ikaishia hapa.

Lakini mimi ni dalali. Kukubali bei ya kwanza katika mtaa wetu ni sawa na kutoka nje bila suruali. Miaka thelathini sijawahi.

"Nitafikiria," nikasema, nikatoka.

Chini kwenye korido nikampigia Veerle. Na hapa, wasomaji wangu, naomba msinikatize. Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimedhamiria. Nikafungua mdomo niseme elfu tano mia saba, mdomo ukasema, "Elfu sita na mia tano."

Mia nane juu! Sikujua zilitoka wapi. Ni mazoea, kama mtu anayekohoa.

Nikajiambia hapana, nina mpango mzuri. Siku ya kumkabidhi jiwe nitampunguzia zile mia nane mbele ya mchumba wake, aone baba yake alivyojitoa. Nilijisifu kabisa kwa wazo hilo.

"Elfu sita na mia tano," Veerle alirudia taratibu. "Sawa. Nitamwambia Jelle."

Baada ya hapo nikafanya la pili. Nilimtafuta dalali mwenzangu Shaye Tiefenbrun, nikamwambia, "Nenda kwa Kothari, omba kuona karati moja nukta sifuri saba, ulitukane kidogo. Sema lina doa, sema mkato wa kizamani. Bei ilegee."

"Nilitukane jiwe ulilolikata wewe?" Shaye alicheka mpaka kofia ikacheza. "Kazi hiyo nitaifanya bure."

Jumanne asubuhi Veerle alinipigia. Sauti ilikuwa imepoa, na Veerle akipoa ndipo pa kuogopa.

"Baba, nieleze kitu. Wa Dublin yule. Yule uliyemsingizia paka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Jelle amefika mpaka ukurasa wa mwisho wa kulipia. Kodi imo, usafirishaji umo. Elfu tano mia tisa na tisini. Sasa nauliza hivi: mtu nisiyemjua, wa Dublin, inakuwaje ananiuzia jiwe la mama yangu kwa bei nafuu kuliko wewe?"



Jibu la kweli lilikuwa fupi. Wa Dublin anaongeza asilimia tano, baba yako kaongeza kumi na nne. Lakini nani wa kulisema?

"Wa Dublin anauza hewa," nikamwambia. "Jiwe halipo tena sokoni. Ametokea mnunuzi mwingine, mtu mzito, amelifunga. Ndiyo maana bei imepanda. Mimi hapa nahangaika kulinasua."

"Mnunuzi gani?"

"Mambo ya mtaani haya, mwanangu. Hatutajani majina."

Nilikata simu, nikakimbia. Umri wangu huu, nakimbia mtaani nimeshika kofia, walinzi wananitazama. Ilibidi uongo wangu niuwahi niugeuze kweli kabla Veerle hajaamua kumlipa wa Dublin.

Nilimkuta Kothari kasimama, simu mbili mkononi, uso unang'aa.

"Staf! Umechelewa! Kuna nini na jiwe lile? Tangu jana halijapumua. Dublin wamepiga. Paris wamepiga. Rotterdam, Hamburg, wote! Saba! Wote wanataka karati moja nukta sifuri saba, wote wanaomba punguzo. Na jana jioni kaja Shaye, kalitukana robo saa nzima. Wewe unajua na mimi najua, hakuna dalali anayetukana jiwe asilolitaka."

Nilikaa chini.

Jelle. Mwalimu wa hesabu. Alikuwa amewaandikia wote saba barua moja, awashindanishe wampunguzie. Na kila duka, kwa kuwa halina jiwe, likampigia mwenye jiwe. Kothari kaona wateja saba, na Shaye wa nane, na mimi wa tisa. Wateja tisa, na harusi ni moja!

Ningemwambia? Ningesema nini? Kwamba binti yangu anatafuta bei mitandaoni kwa sababu hamwamini baba yake?

"Sasa ni elfu tano mia nne," Kothari alisema. "Na wewe nimekuonea huruma."

Yaani sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tulikuwa tumelipandisha jiwe letu euro mia saba ndani ya siku moja.

Lilibaki jambo moja la kufanya, nalo ni la kizamani. Kwetu ukitaka kulishika jiwe bila kulinunua, unaandika bei yako juu ya bahasha, jiwe linaingia ndani, mnaifunga kwa utepe, unasaini juu ya utepe. Hiyo ndiyo bahasha ya muhuri. Mpaka mwenye jiwe akupe jibu la ndiyo au hapana, haruhusiwi kuifungua, haruhusiwi kumwonyesha mtu, haruhusiwi kumuuzia hata mfalme. Anayevunja muhuri, jina lake linabandikwa ukutani na hapewi kiti tena katika soko letu.

Nikaandika elfu nne mia saba. Nikasaini.

Kothari alicheka. "Bei ya jana kwa jiwe la leo! Haya, nitakujibu kesho saa sita mchana."

Nikarudi nyumbani nimetulia. Niliona nimeshinda. Nilikuwa nimesema yupo mnunuzi aliyelifunga jiwe, na sasa yupo kweli. Uongo gani huo?

Jumatano, saa tano na nusu, nilikuwa kitini kwa Kothari nasubiri jibu langu, bahasha iko katikati ya meza. Kengele ya mlango ikalia. Mkwewe Kothari, binti anayeshughulikia barua za ofisi, akaingia.

"Kuna watu wawili wanakutafuta, Baba. Wanasema wamelipia jiwe lililoko hapa kwako."

Wakaingia. Veerle mbele, Jelle nyuma na karatasi zake chini ya kwapa.

Veerle hakumtazama Kothari wala meza. Alinitazama mimi.

"Jana mchana tumemlipa wa Dublin," alisema. "Leo asubuhi katuandikia barua. Anaomba radhi, jiwe hawezi kulituma, limefungwa na dalali mmoja wa Antwerp. Akatutajia jina." Akamgeukia Jelle. "Msomee."

"Geudens," Jelle alisoma, kama anayeita majina darasani.

Mkwewe Kothari aliinamisha kichwa. "Watu wa Dublin waliniuliza ni nani, nikawaambia. Sikujua ni siri."

"Mtu mzito," Veerle alisema. "Mnunuzi mzito aliyetokea. Baba, unajishindania na mimi?"

"Nilitaka nikuletee mwenyewe! Nilitaka litoke mkononi mwangu!"

"Kwa mia nane zaidi?"

"Hizo ningekurudishia siku ya..."

"Umeniuzia upande wa kuja na upande wa kwenda! Uliliuza kwa mtu, sasa unataka kuniuzia mimi!"

Kothari alikuwa ametoa macho. Polepole alianza kuelewa wale wateja wake tisa walikuwa nani. Akashika kitambi chake kwa mikono miwili, sijui alikuwa anazuia kicheko au kilio.

Jelle, maskini, alitaka kutuliza watu. Wengine wakiona ugomvi huleta maji ya kunywa, yeye alileta swali.

"Bwana Geudens, mimi kuna kitu bado sijaelewa," alisema. "Tuache faida na kodi. Nimezitoa zote kwenye jedwali, na bado jiwe hili ni rahisi kuliko mengine yenye sifa hizi hizi. Kwa nini? Halafu wa Dublin ndiye peke yake aliyeweka cheti kizima. Wale wengine sita wamekata picha, sehemu ya juu haionekani."

Ungekuwa wewe ungenyamaza. Mimi nikiulizwa jambo la almasi siwezi kunyamaza, hata nikiwa mahututi.

"Kwa sababu cheti chake ni cha zamani," nikamwambia. "Cheti kikikaa miaka, mnunuzi anaogopa. Anasema huenda jiwe limegongwa tangu lipimwe, huenda limepata ufa. Kwa hiyo bei inashuka. Wajanja wanaficha tarehe wauze bei ya juu. Wa Dublin ni mkweli, kaiacha, kashusha bei."

"Aha," Jelle alisema, akainua karatasi. "Kweli, tarehe hii hapa. Kumi na nne Machi." Akautaja na mwaka, ule ule aliofariki Lutgart.

Kisha akaishusha karatasi, kwa kuwa jiwe hupimwa likiwa limetolewa kwenye pete, na hata yeye aliweza kutoa miezi kutoka kwa miezi.

Veerle alimpokonya karatasi. Aliisoma, akaisoma tena.

"Machi," alisema. "Mama alifariki Agosti."



"Machi Mama alikuwa nyumbani anapanda viazi. Aprili tulikula naye Pasaka, pete ilikuwa kidoleni. Julai hospitali nilimpaka mafuta mikono, pete ilikuwa kidoleni. Baba, kama jiwe lilikuwa hapa tangu Machi, Mama alikuwa amevaa nini?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapowaomba radhi. Niliwaambia niliuza jiwe lile wiki tatu baada ya mazishi. Niliwadanganya, kama nilivyomdanganya yeye.

Sikuliuza mimi. Sijawahi kuliuza.

Siku ya mazishi mwenye kampuni ya maziko alinikabidhi pete ndani ya kijibahasha. Wiki tatu baadaye, nimekaa jikoni peke yangu, nikaitoa. Kwa mazoea tu, nikachukua lenzi. Kingo za jiwe zilikuwa za mviringo, butu, na kile kijidoa cha koma hakikuwemo. Zirkoni, almasi ya bandia. Takataka ya kiwandani, bei yake hununui hata kipande kizuri cha jibini.

Nilikaa pale mpaka kahawa ikapoa. Mimi, Staf Geudens, ambaye watu wanavuka mtaa kuja kuniuliza kama jiwe ni la kweli! Miezi mitano nimekula meza moja na mkono ule, nimeushika, nimeubusu, nikaulaza kifuani siku ya mwisho. Na sikuona.

Veerle alipokuja kuuliza pete iko wapi, ningeweza kumweleza. Lakini nilikisikia kicheko cha mtaa mzima, kuanzia kwa Shaye mpaka kwa walinzi wa getini. Dalali mzima, mkewe anavaa kioo naye haoni! Nikamwambia binti yangu, "Nimeliuza." Mwizi watu humchukia, lakini bado humheshimu kidogo. Nikachagua wizi.

Na nimeulipia miaka mitatu. Kila mtu anipe bei yake kwa hilo.

Sasa nimesimama mbele yake, amenishikia tarehe usoni. Sikuwa na pa kukimbilia tena. Nikasema, "Veerle, jiwe hili sikuliuza mimi. Mama yako aliliuza mwenyewe. Mimi sikujua. Nilikuja kuona kioo baada ya mazishi, nikaona aibu, nikakwambia ni mimi."

Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Alinitazama kama kitu kilichokutwa chini ya kiatu. "Mama?" alisema. "Hata marehemu unamsingizia?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Miaka mitatu ulisema ni wewe. Leo umebanwa na tarehe, unamrushia Mama aliyeko kaburini. Jelle, twende."

"Mahendra!" nilimgeukia Kothari. "Mwambie! Ulinunua kwa nani?"

Kothari alikuwa amesimama dirishani. Hakunijibu. Sisi hatuulizani jiwe limetoka kwa nani, na tukiulizwa hatusemi, ndiyo sababu Jumatatu alinidokezea tu. Nikakumbuka macho yake ya siku ile, nikaelewa kwamba mzee huyu alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa ananihurumia.

Veerle alisimama mlangoni. "Mzee Kothari," alisema, na sauti ilikuwa imeanza kuvunjika. "Sitaki jina la mtu. Niambie tu baba yangu anadanganya, niende zangu."

Kothari alikunja mikono yake kifuani.

"Binti," alisema mwishowe, "aliyeniuzia jiwe hili nilimpa neno langu kwamba sitamtaja. Kwa mtu mwingine ningekwenda leo hii nimwombe anifungulie mdomo. Kwa huyu siwezi. Hayupo wa kumwomba."

Kuna watu wanatunza siri kwa uaminifu mpaka inatoka yenyewe.

Veerle aliachia kitasa cha mlango. Alikuja akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekaa mimi, mbele ya bahasha yenye saini yangu. Kwa muda alikuwa analia tu, bila sauti, na mimi nilisimama pale sijui mkono niuweke wapi. Nilitamani kumgusa bega. Nikaligusa. Hakulisogeza.

"Kwa hiyo hukuiba," alisema.

"Sikuiba."

"Ulinyamaza tu ili wasikucheke."

"Ndiyo."

"Baba, wewe ni mjinga sana."

"Ndiyo, mwanangu."

Wasomaji, sijawahi kutukanwa nikafurahi vile. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani Kothari atatoa jibu lake, tutapeana mikono, tutakwenda wote watatu kula.

Kisha Veerle akafuta macho, akainua uso, akauliza jambo ambalo mimi, kwa miaka mitatu ya kuuguza aibu yangu mwenyewe, sikuwahi kuliuliza hata siku moja.

"Mama alikuwa na shida gani," alisema, "mpaka akauza jiwe lake, na akaogopa kutuambia?"

Nilimtazama Kothari. Kothari akamtazama mkwewe, akamwambia kwa upole atoke nje na aufunge mlango. Alichotuambia nitawasimulia wiki ijayo.